Mtoto Aliyenusa Vifungo

Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na herufi hata moja kichwani, ingawa alikuwa amekaa darasani miaka mitatu. Hakuwa na namba zinazopita nne. Baada ya nne alisema "nyingi" na kuendelea na shughuli zake. Hakuwa na rafiki wa kukaa naye wakati wa mapumziko, wala miguu ya mbio, wala ulimi mwepesi, wala ile hila ndogo ya watoto ya kujua lini mtu mzima amekasirika kwelikweli na lini anatania. Hakuwa na nafasi ya uhakika shuleni. Na nyumbani hakuwa na jina zaidi ya Pini, kwa sababu alizaliwa mdogo kupita kiasi, na babu yake, ambaye ni fundi wa nguo, alipompokea mikononi alisema, "Huyu akidondoka sakafuni tutamtafuta kwa sumaku."

Madaktari walisema mapema kwamba akili yake ingekwenda taratibu. Familia ikasikia, ikalia kidogo, ikampenda hivyo hivyo. Lakini tangu siku hiyo kila alichoshindwa kilikuwa na jibu lake tayari. Akimwaga maziwa, ndivyo alivyo. Akipita mbele ya shangazi yake barabarani bila kusalimu, ndivyo alivyo. Akiukodolea ubao macho mwalimu anapoandika, kisha akalala, basi ndivyo alivyo. Kulikuwa na kitu kimoja zaidi alichopungukiwa, ila hakikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Mama yake alifanya kazi mji mwingine na alirudi kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo Pini alilelewa na babu na bibi. Babu aliitwa Fundi na mtaa mzima, hata na mkewe. Utotoni alisoma madarasa mawili tu. Alipofika miaka thelathini na mitano, akiwa na mke na mtoto, alijiandikisha shule ya usiku, na kwa miaka sita alifunga cherehani jioni, akanawa mikono, akaenda kukaa kwenye dawati na vijana waliomwita "baba". Cheti chake kilikuwa ukutani juu ya cherehani, ndani ya fremu ya kioo, na kila Jumamosi alikifuta vumbi mwenyewe. Kamusi ilikaa rafu moja na nyuzi. Mtu mtaani akitaka barua iandikwe vizuri, alikwenda kwa Fundi. Mtu akiandika kibao cha duka kwa makosa, Fundi alikwenda kwake bila kuitwa.

Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa karakana yake, na humo kila kitu kilikuwa na makao. Mkasi mkubwa msumari wa kwanza, mkasi mdogo msumari wa pili, utepe wa kupimia msumari wa tatu. Chaki ndani ya kopo. Kiti cha wateja pembeni mwa mlango. Kigoda cha Pini kando ya meza ya kukatia, na juu ya meza sanduku la vifungo. Hakuna kilichosogea. Fundi akisema, "Pini, mkasi mdogo," mtoto aliinuka, akatembea bila kusita, akapeleka mkono msumari wa pili kama mtu anayeshika sikio lake mwenyewe. Wateja walishangaa.

"Huyu ndiye mnasema ana akili nzito?"

"Ni utaratibu," Fundi alijibu huku akivimba kidogo. "Mtoto hata awe vipi, mpe utaratibu."

Tabia moja tu ilimkera. Pini alinusa vitu. Kifungo, kijiko, kitabu, pindo la gauni la mteja, chochote alichoshika alikipeleka puani. Watoto wa mtaani walimwita Mnusaji. Fundi, ambaye adabu zake alizipata kwa jasho na vitabu, hakuvumilia. "Pini! Pua!" alisema, na mkono wa mtoto ulishuka. Pini alipoanza shule, kwenye darasa maalumu la watoto wanaojifunza taratibu, Fundi aliandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wake bora, akimwomba mwalimu "amzuie mtoto kwa uthabiti asisogeze vitabu na vifaa puani, kwa kuwa tabia hiyo haimjengi." Mwalimu alivutiwa na barua ile. Akaitii, akaiweka kwenye faili.

Mwaka wa tatu ikaja fomu. Kamati ya shule ilikuwa imeona kwamba mtoto haonyeshi maendeleo, na kwamba watoto wengine wanasubiri nafasi. Ilipendekeza akae nyumbani. Chini kulikuwa na mstari wa saini ya mzazi au mlezi, irudishwe kabla ya muhula kwisha, na muhula ulikuwa umebakiza wiki saba.

"Akikaa nyumbani atafanya nini?" Bibi aliuliza.

"Atakaa na mimi. Atapanga vifungo."

"Mpaka lini, Fundi? Mpaka sisi tuwe tumekufa, yeye bado anapanga vifungo?"

Fundi akaikunja fomu, akaitia mfukoni. Asubuhi yake alivaa shati la mikono mirefu akaenda kumwona mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa na kikao. Fundi akaambiwa asubiri kwenye benchi karibu na dirisha la jiko, na ilikuwa saa ya mapumziko, watoto wanapewa maziwa. Mpishi wa shule, mama mnene mwenye kitambaa kichwani na mikono ya mtu aliyenyanyua masufuria maisha yake yote, alimtazama, akaendelea kumimina, akamtazama tena. Watoto walipotawanyika akatoka nje akijifuta mikono.

"Shikamoo. Wewe ndiye babu yake Pini?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Nina neno, baba, ila usinikasirikie. Yule mtoto haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Macho."

Fundi akatabasamu lile tabasamu lake la kumsahihisha mtu bila kumuumiza. "Dada yangu, mjukuu wangu ana tatizo la kujifunza. Hayo ni mambo mawili tofauti. Nimeyasoma."

"Umeyasoma, sawa. Mimi nimeyadeki. Mwaka mzima namdekia maziwa yake." Akaelekeza kidole ndani. "Tazama meza zile, nyeupe. Vikombe vyeupe. Maziwa nayo ndiyo hayo. Pini anakuja, anapapasa, anakipiga kikombe, kinakwenda chini. Kila siku. Sasa siku moja vikombe vikapungua, nikampa changu mwenyewe, chekundu. Baba, alikinyakua moja kwa moja! Hakumwaga hata tone. Kesho yake nikampa cheupe, akamwaga. Kesho kutwa chekundu, akanywa. Nimefanya hivyo wiki mbili, nione kama nachanganyikiwa mimi. Akili haichagui rangi ya kikombe, baba."

"Umemwambia mwalimu?"

"Nimemwambia. Kasema mimi nipike."

"Alishapimwa macho," Fundi alisema, na sauti yake ikawa ya barua. "Wataalamu walikuja hapa hapa shuleni, mwaka juzi. Kadi ninayo nyumbani."

Mpishi akainua mikono. "Basi yaishe. Nisamehe, mzee wangu." Akarudi kwenye masufuria yake.

Fundi hakumsubiri mwalimu mkuu. Alitoka getini kwa hatua ndefu, akisema moyoni: miaka sita ya shule ya usiku, leo nasomeshwa na mwiko! Lakini kile kikombe chekundu kilimfuata. Kilivuka naye barabara, kikapita naye kwa kinyozi, kikaingia naye ndani.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi.

"Umekasirika kwa sababu kakosea," aliuliza, "au kwa sababu ni mpishi?"

"Hana elimu ya mambo hayo!"

"Kwani mimi nimeuliza elimu?"

Fundi akaenda kuitafuta ile kadi, ili amalize ubishi. Ilikuwa kwenye kopo la nyaraka, kati ya kadi ya chanjo na risiti ya cherehani. Akavaa miwani. Kadi ilisema: *Ameonyeshwa chati ya herufi. Hakutaja herufi yoyote. Hakuweza kupimwa. Aletwe tena.*

Akaisoma mara ya pili. Kwa miaka miwili alikuwa akiwaambia watu kwamba mtoto ameshapimwa. Yeye, msomaji wa mtaa mzima, mtu anayesoma mpaka maandishi ya kwenye makaratasi ya kufungia sabuni, alikuwa ameipokea kadi ile mkononi mwa mtoto, akaona muhuri, akaitia kwenye kopo. Hakuisoma hata mara moja.

"Inasemaje?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Inasema mpishi ana haki ya kusikilizwa," Fundi alijibu, na sentensi hiyo ilimtoka kwa shida kama mfupa wa samaki.

Siku iliyofuata, kabla Pini hajarudi, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afungue karakana. Alivuruga utaratibu. Kiti cha wateja alikisogeza hatua mbili katikati ya chumba. Mkasi mkubwa akautundika msumari wa pili, na mdogo wa kwanza. Kisha akakaa kwenye cherehani, mikono mapajani, kama mwanafunzi mbele ya mtihani.

Pini akaingia, akavua mkoba, akautundika mahali pake.

"Pini. Mkasi mdogo."

Mtoto akaja kwa mwendo wake wa siku zote, bila kupunguza, bila kukwepa, mchana kweupe, dirisha wazi, akajigonga goti kwenye kiti mpaka kikalia. Hakulia yeye. Alisimama, akakipapasa kile kiti mgongo na miguu, akakunja uso.

"Babu," akasema, "kiti kimekosea."

Akakizunguka kwa mkono, akafika ukutani, akashika msumari wa pili. Mkasi ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia. Akauinua kwenda usoni, na katikati ya safari mkono ukasimama wenyewe. Akageuza sikio upande wa cherehani, akisubiri lile neno. Neno halikuja, lakini mkono ulishuka hata hivyo, kwa mazoea, na mtoto akamletea babu yake mkasi usiokuwa wenyewe.

Fundi akamrudishia mkasi ule ule.

"Pini. Nusa."

Pini hakusogea.

"Nusa, mjukuu wangu. Leo ruhusa."

Mtoto akauinua mkasi taratibu, kama mtu anayeogopa mtego, mpaka ukagusa ncha ya pua. Na Fundi, kwa mara ya kwanza, hakuitazama pua. Alitazama macho. Macho yalikuwa yakitembea, kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha, kutoka kwenye ncha hadi kwenye mpini.

"Huu mkubwa," Pini akasema. "Babu, huu mkubwa!"

Fundi akachukua kifungo sandukuni, akampa. Kikapanda puani.

"Vishimo vinne," Pini akasema. Kisha, "Kimoja kimepasuka."

Fundi akakichukua kifungo kile, akakisogeza kwenye miwani yake, akakigeuza kuelekea dirishani. Kweli, kishimo kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Yeye mwenyewe alikuwa amekaribia kukishona kwenye koti la mtu.

Akakaa kwenye kile kiti kilichokosea. Mtoto hakuwa akinusa. Miaka yote ile alikuwa akitazama, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na yeye babu yake alisimama kando akisema "Pua!" Tena hakutosheka kusema kwa mdomo. Alikuwa ameandika, ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko mzuri, ili hata shuleni asitazame. Na ule utaratibu wake aliojivunia ndio uliomfichia ukweli: katika nyumba ambayo hakuna kinachosogea, mtu hahitaji macho.

Wiki hiyo hiyo walikwenda hospitali, kitengo cha macho, babu, bibi na Pini, wakiwa wamepiga pasi kama wanakwenda harusini. Mpimaji alikuwa dada kijana mwenye sauti ya chini, na kabla hajasema lolote Fundi alimtahadharisha.

"Huyu hajui herufi."

"Sijamuuliza herufi, babu. Karibuni mkae."

Alitoa kadi za rangi ya kijivu zilizochorwa mistari upande mmoja, na upande wa pili hazina kitu. Akawa anamwonyesha Pini moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe akimchungulia mtoto macho: yanakwenda kwenye mistari, au hayaendi? Kisha akampa Pini karatasi yenye picha za nyumba, kiatu, samaki na mwavuli, akarudi nyuma na kuinua picha moja. "Nionyeshe kama hii." Alipokuwa mbali, Pini alitikisa mabega. Aliposogea karibu sana, karibu kama wanataka kuambiana siri, Pini alikandamiza kidole juu ya samaki na kucheka. Mwisho dada alipunguza mwanga, akapitisha kijimwanga kwenye macho ya mtoto, huku akibadilisha vioo mbele yake kimoja kimoja.

"Hapa hana haja ya kusema kitu," alieleza. "Jicho lenyewe linanijibu."

Alipowasha taa alimgeukia Fundi. "Babu, weka kiganja wima, ubavu wake uguse pua. Sasa tazama upana wake. Hapo, upana wa kiganja kimoja, ndipo mjukuu wako anapoona vizuri. Kuanzia hapo kwenda mbele ni ukungu."

Fundi alikaa na kiganja chake hewani.

"Mbona hakusema?" Bibi aliuliza.

"Angesema nini, bibi? Anadhani hata nyie mnaona hivyo." Dada akaketi. "Watoto wenye shida ya kujifunza hupata matatizo ya macho mara nyingi kuliko wenzao, na wao ndio tunaochelewa kuwagundua. Kila kitu tunaibebesha akili yao. Nani aligundua?"

Fundi akakishusha kile kiganja. "Mpishi."

"Mpishi?"

"Mpishi wa shule. Kwa vikombe."

Dada akacheka kwa furaha ya kweli. "Mpe salamu zangu. Mwambie kapima vizuri sana. Na jambo moja: mtoto akisogeza kitu karibu na uso, msimkataze."

Fundi akatazama viatu vyake, akaona vimepigwa rangi vizuri, na haikumsaidia.

"Tena nisiwadanganye," dada aliongeza. "Miwani haitamfundisha kusoma. Itamwonyesha cha kusoma, basi. Akili yake itaendelea kwenda kwa mwendo wake. Na mwanzoni ataikataa. Mpeni dakika chache chache, na mumpe kitu anachopenda kukitazama."

Miwani ilikuja baada ya wiki mbili, ina vioo vinene, na pua ya Pini ilikuwa fupi, kwa hiyo iliteleza. Hilo lilikuwa jambo la fundi. Alichukua mpira laini wa kiunoni, akauvika kitambaa cha pamba ili usimkwaruze masikioni, akaushona kwenye mikono ya miwani kwa mshono usioonekana. Siku ya kwanza Pini aliivua na kuitupa kwenye sanduku la vifungo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Fundi aliketi mbele yake, akavaa miwani yake mwenyewe kwa madaha, akasema, "Mafundi huvaa hivi."

Pini akafikiri. Akanyoosha mkono, akavalishwa, na safari hii hakuivua.

Alitazama meza. Vifungo vilikuwa vimetandazwa juu yake, na yeye alikuwa ameketi wima, mikono chini. Hakuvigusa. Alivitazama kimoja kimoja kwa muda mrefu, mdomo wazi. Kisha akainua uso kwa bibi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi.

"Bibi," akasema kwa mshangao, "umekunjika."

"Nimekunjika?"

"Hapa. Na hapa. Na hapa."

"Hapo hata pasi haisaidii," Fundi akasema.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja. Pini, mtazame na babu yako."

Pini akamgeukia babu yake, akamchunguza kwa makini kuanzia kipara hadi kidevu.

"Babu ana nywele puani."

Bibi alicheka mpaka upawa ukamponyoka, akakaa chini sakafuni, machozi yanamtoka, na haikujulikana ni machozi ya kicheko peke yake. Fundi, mtu anayevaa tai kwenda posta, aliziba pua kwa leso na mabega yake yakawa yanatikisika.

Pini alikuwa ameshawaacha. Alikuwa akitazama ukutani juu ya cherehani.

"Ile nini?"

"Ile? Hicho ni cheti cha babu."

"Nani kaweka?"

"Kipo siku zote, mjukuu wangu. Tangu hujazaliwa."

"Hapana," Pini akasema, kwa uhakika kabisa. Na Fundi, ambaye hakuwahi kuacha kosa lipite bila kulisahihisha, aliliacha hilo likapita.

Alimpeleka shuleni siku iliyofuata, na ripoti ya hospitali, na ile fomu isiyo na saini. Mwalimu mkuu aliisoma ripoti akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Alimwita mwalimu wa darasa. Wakakubaliana kujaribu kwa muda uliobaki: Pini akae mbele, maandishi yawe makubwa na meusi, na chochote anachotaka kukisogeza usoni akisogeze. Hakuna muujiza uliotokea. Namba zake bado ziliishia kwenye nne. Lakini wiki ya kwanza aliacha kulala darasani. Ya pili alimsalimu mtoto mwenzake kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa jina, na mtoto yule akaja kukaa naye. Na siku ya mwisho ya muhula alikwenda ubaoni, akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza ya jina lake, akatangaza, "Kijiti kina tumbo. Mimi huyu."

"Mzee, hiyo fomu ichane," mwalimu mkuu alimwambia Fundi alipokuja kumchukua. "Anabaki. Ila kuna kitu kimoja. Kwenye faili lake kuna ile barua yako ya zamani. Mwalimu mpya akija na kuifungua, ataifuata, maana imeandikwa vizuri sana. Tuandikie nyingine ya kuifuta."

Basi Jumapili mchana Fundi alisafisha meza ya kukatia, akatoa karatasi zenye mistari, akajaza wino. Rasimu ya kwanza ilianza na "Kwa heshima na taadhima" na ilikuwa na kurasa tatu. Alimsomea mkewe.

"Nzuri," Bibi alisema. "Lakini humo ndani naona wataalamu wamekosea, kamati imekosea, kadi imekosea, hata kiti kimekosea. Wewe uko wapi?"

Fundi akaikunja, akaitia kapuni. Ya pili nayo ilikwenda huko huko. Ya tatu aliiandika bila kutazama kamusi.

*Mwalimu Mkuu,*

*Miaka mitatu iliyopita niliandika kwamba mjukuu wangu azuiwe kunusa vitu. Naomba barua ile iondolewe. Hakuwa akinusa. Alikuwa akitazama, nami nilimkataza. Kosa ni langu, si la mwalimu aliyenitii.*

*Naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya mpishi wa shule. Aliniambia ukweli dirishani, nikamjibu kwa kiburi. Nilikuwa na cheti na miwani, yeye alikuwa na kikombe chekundu, na ni yeye aliyeona. Sina kipimo cha kupima shukrani zetu kwake. Mjukuu wangu sasa anajua sura ya bibi yake. Namshukuru pia mwalimu aliyekubali kuandika kwa herufi kubwa, na dada wa hospitali aliyejua namna ya kumuuliza mtoto asiyeweza kujibu.*

*Watoto wengine wa darasa lile wapimwe pia, hata wale wanaosemekana wameshapimwa. Kadi zao zisomwe.*

*Mimi, babu yake Pini, fundi wa nguo.*

Bibi aliposikia mwisho wake alikwenda kuitazama aproni ya mpishi iliyokunjwa mwisho wa meza, nyekundu, yenye mifuko miwili mikubwa, iliyoshonwa kwa vipimo vya makisio. Ilikuwa ikisubiri shule zifunguliwe.

"Itamtosha?" aliuliza.

"Nimemwachia nafasi ya kupumua."

Fundi akakunja barua mara tatu, kingo zikalingana, akaitia kwenye bahasha. Akapaka gundi kwa kidole, akafunga, akapitisha ukucha juu ya mkunjo kama anayelaza pindo la suruali. Pini alibandika stempu. Ilikaa upande upande kidogo, lakini ilikaa kwenye pembe yake, na aliibandika akiwa ameketi wima.

"Shule iko mitaa miwili kutoka hapa," Bibi akasema, "nawe unatuma kwa posta?"

"Barua ya namna hii hupita posta," Fundi akajibu huku akifunga tai.

Wakatoka, babu na mjukuu, wakapita kwa kinyozi, wakafika kwenye kona. Sanduku la barua lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa duka la vifaa vya umeme. Fundi alitaka kumwelekeza, kisha akajizuia, akasubiri. Pini alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama mbele.

"Mdomo ule pale," akasema.

Walivuka wamekamatana mikono. Upande wa pili Pini aliuachia mkono wa babu yake, akapiga hatua tano peke yake, akainua bahasha hadi kwenye macho yake, akaikagua stempu yake kwa muda apendao, na hakuna aliyemwambia neno. Kisha akaisukuma ndani ya ule mdomo wa chuma mpaka ikaanguka chini, ikatoa sauti.